Kuhe Walioshonwa Tumbo

Juzi bandarini nilikuwa nabishana na mpakizi mmoja juu ya gunia langu. Yeye alisema limepasuka, mimi nikasema amelipasua, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayonilisha miaka yote hii. Mwishowe akakubali kulishona. Akatoa uzi wa nailoni, akashona bila haraka, na alipofika mwisho akawasha kiberiti, akauunguza uzi ili fundo lisilegee. Ukapanda moshi mdogo wa harufu kali, yenye utamu kidogo nyuma yake, kama sukari iliyoungulia kwenye plastiki. Nikasahau nilichokuwa nadai. Mpakizi kuona nimenyamaza, akadhani amenishinda, akapandisha bei. Nikalipa. Wanaonijua hawataliamini hilo.

Harufu hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu, karibu na pale mto Lukuga unapoliacha ziwa. Ilikuwa nyumba ya nyavu. Nyavu zilikaa ukutani, zilikaa juu ya kitanda, na wakati wa mvua zilikaa ndani na sisi tukajibana pembeni. Papa alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, Mama aliuza samaki sokoni, na sote tulikuwa wageni. Tulishuka kutoka kaskazini ya ziwa, upande wa Fizi, mimi nikiwa mgongoni kwa hiyo sikuona kitu. Mama alizoea kusema waliingia Kalemie na nyavu, sufuria, na mtoto mmoja wa kike wa kuuliza maswali. Mtoto huyo hakuwa mimi. Alikuwa dada yangu mkubwa, Yaya Riziki.

Wenyeji hawakuwa wabaya. Tuliimba nao nyimbo zilezile kanisani, tukala bukari ileile, ugali wa huko, na sombe ileile ya majani ya muhogo. Lakini tulikuwa tukipimwa kwa mzani wa peke yetu. Samaki wa jirani akilegea, watu walisema jua limekuwa kali. Wa Mama akilegea, walisema, "Si unajua wale watu wa kaskazini." Mama alisikia, akatabasamu, akapanga samaki wake upya.

Yaya alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya biokimi, yaani biolojia na kemia, na alitaka kuwa daktari. Wapo wanaotaka udaktari kwa ajili ya huruma. Yaya hakuwa na huruma hata kidogo. Ukijikata kidole alikuja mbio, si kukubembeleza, bali kutazama ndani. Alichokuwa nacho ni hamu ya kujua. Mimi nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe kuhusu jinsi mtu anavyokuwa daktari. Nilikuwa nimewaona wanafunzi wa mji mzima wamevaa nyeupe juu na buluu chini, na nilikuwa nimemwona daktari mmoja hospitalini amevaa nyeupe hadi magotini. Nikaelewa. Udaktari huanzia mabegani na kushuka polepole, na Yaya, ambaye shati lake Mama alilifua mpaka likaumiza macho, alibakiza sketi tu.

Shuleni kwao hapakuwa na laboratwari. Mwalimu alichora ini ubaoni kwa chaki, na chaki ya rangi ilipokwisha, ini likawa jeupe kama kila kitu kingine. Kwa hiyo Yaya akafungua laboratwari yake nyuma ya nyumba, juu ya ubao wa kukatia samaki. Alichagua kuhe, samaki mnene ambaye Papa alimpata mara kwa mara, kwa sababu kuhe ana tumbo la kutosha mtu kuingiza mkono. Alimpasua kwa wembe, akatoa kila kilichomo, akakiosha, akakipanga juu ya jani la mgomba, akakitaja kwa Kifaransa mara mbili, kisha akakirudisha ndani na kushona. Uzi ulikuwa wa nyavu za Papa. Fundo pia lilikuwa la Papa, lile dogo la kuziba tundu la wavu, ambalo likikazwa vizuri halionekani. Mwisho aliuunguza uzi kwa kiberiti.

"Kwa nini unamurudishia matumbo?" Mama aliuliza siku ya kwanza. "Mimi nitayatoa tena."

"Mama, daktari hatumi mutu kwake bila ini yake."

"Unashona ili mimi nishonoe. Njo masomo hayo?"

"Njo hayo." Kwetu "njo" ni "ndiyo".

Mama alicheka, akakubali, kwa sharti moja: kuhe wa kushonwa ni wa kuliwa nyumbani, anakaa kwenye beseni letu lililomeguka mdomo. Beseni la buluu ni la soko.

Mimi nilikuwa msaidizi wa kufukuza nzi. Nilichuchumaa karibu na bega lake, nikisikia pumzi yake ikisimama kila alipovuta uzi, na hadi leo sijui mahali pengine duniani nilipowahi kuwa na maana kubwa kiasi kile. Niliamini kabisa kwamba yule kuhe ni mgonjwa. Ushahidi ulikuwapo: amelala, hasemi, macho wazi.

"Yaya, atapona?"

"Tutaona," alijibu, akili yake ikiwa kwenye uzi.

Jioni kuhe aliliwa. Hilo halikunisumbua. Nilijiambia kwamba tunaowala ni wale ambao hawakupona, na wanaopona hurudishwa ziwani mimi nikiwa nimelala. Nilihesabu kichwani, nikahesabu tena, na hesabu zote mbili zilionyesha kwamba Yaya alikuwa bado hajaponya hata mmoja. Sikumwambia. Mtu anayejifunza hapaswi kuvunjwa moyo.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mimi kuoga. Jioni moja Mama aliniogesha kwenye beseni lile lililomeguka, na Yaya, aliyekuwa amemaliza kushona kuhe watatu na hana pa kuwaweka, akawaweka kwenye la buluu, chini, kisha akasahau kusema. Asubuhi Papa akaleta samaki wake, Mama akawamwaga juu ya wale, akajitwika beseni, akanishika mkono, tukaenda sokoni.

Aliyewagundua ni Mama Feza. Huyu alikuwa na malewa, kibanda chake cha chakula, karibu na bandari, na alinunua samaki kama mtu anayekagua mkwe: anafungua mdomo, anafunua mashavu, anabonyeza kila mahali. Alichimba mpaka chini ya beseni, akamtoa kuhe mmoja, akampindua. Akamwinua juu.

"Mama Riziki, hii samaki ilifanyiwa operasyo?"

Soko likacheka. Hata Mama alicheka, kwa sekunde moja. Kisha kuhe wa pili akatoka, na wa tatu, wote wana mshono uleule mzuri, na kicheko kikakatika.

"Wametia nini mule?" sauti ikauliza nyuma.

"Mutoto wangu anajifunza," Mama alisema. "Anataka kuwa daktari. Hao ni wa kwetu nyumbani, nilikosea beseni."

"Anajifunza nini? Kutuua?"

"Ni dawa. Kwao wana dawa za kuita wanunuzi. Njo maana samaki yake inaisha mapema."

Samaki wa Mama walikwisha mapema kwa sababu alijua kupunguza bei kabla ya kuombwa, lakini hapakuwa na mtu wa kusikiliza hilo. Akaja mkuu wa wauza samaki, ambaye soko zima lilimwita Mama Prezida. Alikuwa mwanamke mpana, wa sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyotisha. Alichukua kitambaa cha Mama mwenyewe, akafunika beseni.

"Leo huuzi. Muchana nakuja kwako. Nikiona kuna dawa, utatafuta nafasi ingine, na si katika soko hii."

Njiani Mama hakunishika mkono. Nilimfuata nikikanyaga kivuli chake.

Papa alikuwa amekaa chini akiziba tundu za wavu. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Yaya alikuwa amerudi kutoka shuleni na shati lake jeupe, akasimama mlangoni, naye akasikia.

"Wakitutoa sokoni, tunahama," Papa alisema. "Tutajaribu Moba. Ama tupande Kirungu, tulime."

"Na egzetat yangu? Imebakia kidogo tu," Yaya alisema, akiwaza mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

"Riziki, nafasi ya mama yako njo inalipa minerval ya shule. Nafasi ikienda, na shule imeenda. Huko tutakakokwenda utamusaidia kuuza."

Alilisema taratibu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yaya alikaa karibu nami juu ya mkeka na kuanza kukunja uzi uliobaki, akaukunja vibaya, akaanza tena, akaukunja vibaya.

Mama Prezida alikuja na Mama Feza, na nyuma yao wanawake wengine waliokuja kuona tu. Aliweka wale kuhe watatu juu ya ubao wa Yaya. Mama alianza kueleza tena, akazuiwa kwa kidole.

"Maneno nilisikia sokoni. Sasa nataka kuona munakula."

Sikushangaa. Kwetu pande hizi ukimkaribisha mtu kinywaji unaonja kwanza mbele yake, ili aone hukuweka kitu, ndipo unampa. Mama Prezida alitaka kuonjewa. Kila mtu uani alielewa, na Mama pia alielewa. Akanyoosha mgongo.

"Bila mafuta?"

"Nini?"

"Mulinizuia kuuza. Mafuta ningenunua na pesa ya leo. Kama munataka tule, muleteni mafuta."

Wanawake wakatazamana. Mama, ambaye asubuhi yote alikuwa ameinamisha kichwa, sasa alikuwa anamtazama Mama Prezida kama anavyomtazama mnunuzi aliyetaja bei ya chini.

"Na kitunguu," akaongeza.

"Na tomati?" Mama Prezida aliuliza kwa ukali.

"Kama iko."

Watu huniuliza nilijifunzia wapi biashara. Nilijifunzia hapo, uani, siku ile, mwanamke aliyekuwa anashtakiwa alipomtuma hakimu wake kuleta kitunguu. Na kililetwa. Mafuta pia yaliletwa, kwenye chupa ya Mama Feza mwenyewe, aliyeyamimina kwa uchungu.

"Huyu mwenye alishona, afungue," Mama Prezida akaamuru.

Yaya akapiga magoti mbele ya ubao. Akakata mafundo moja moja, akafungua tumbo kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambamo kuna mtu amelala. Vichwa vyote vikainama.

"Hii njo ini. Hii njo figo. Hii ni mufuko wa hewa, inamusaidia kupanda na kushuka."

"Na ile ya kijani?" mmoja akauliza.

"Nyongo. Ikipasuka, samaki yote inakuwa chungu."

"Hiyo najua!" Mama Feza akadakia. "Niko napika tangu wewe bado kuzaliwa!"

Watu wakacheka, na nikahisi uani kunalegea kidogo. Mafuta yakaanza kulia kwenye sufuria. Mama akamshika kuhe wa kwanza kwa mkia. Na mimi, niliyeona wagonjwa watatu wa Yaya, waliokaribia kupona kuliko wote waliotangulia kwa kuwa walikuwa wamefika mpaka sokoni, wakienda kukaangwa mbele ya umati, nikapiga kelele:

"Musimule! Bado hajapona!"

Mama Feza alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Hajapona? Hajapona nini? Samaki ina ugonjwa?"

"Munasikia? Mutoto hawezi kudanganya!"

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mama alisimama na kuhe mkononi, mafuta yanaungua. Yaya akaniinukia, na nilidhani atanipiga. Akachuchumaa, akanishika mashavu kwa mikono yenye harufu ya samaki.

"Sifa. Nisikilize. Hakuwa mugonjwa. Hakuna mwenye alikuwa mugonjwa. Walikuwa wamekufa tangu ziwani, wote. Mimi nilikuwa nacheza tu. Nacheza daktari."

Alilisema kwa sauti ya kutosha uani kote kusikia. Nililia zaidi, si kwa ajili ya kuhe. Niliona uso wake alipotamka neno lile "nacheza". Alikuwa amelitoa neno hilo ili tubaki na nafasi yetu sokoni, na lilikuwa limemgharimu kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho.

Papa akaweka wavu chini. Akamchukua kuhe kutoka mkononi mwa Mama, akamtia kwenye mafuta mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akasimama juu ya sufuria hadi akaiva. Kisha akamega ubavu, pale palipopitia uzi, akala ungali moto, mbele ya wageni, kabla ya wageni, yeye ambaye hakuwahi kunawa mikono kabla wageni hawajanawa. Akatafuna. Akameza. Akamega tena.

Mama akala. Yaya akala. Mimi nikapewa, nikala nikiwa bado nalia, na sitadanganya, alikuwa mtamu. Mama Prezida alitusubiri kwa muda mrefu, akitazama macho yetu. Halafu akanyoosha mkono wake, akamega.

"Chumvi kidogo," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Kuhe wa pili na wa tatu hawakufika hata kwa wote, na Mama Feza, niliyemhesabu, alikula mara mbili.

Mama Prezida alipokuwa akinawa mikono, aliokota kipande cha uzi kilichokatwa, akakigeuza kwenye jua.

"Fundo hii nani alikufundisha?"

"Papa," Yaya alijibu, bila kuinua macho.

"Papa Riziki, huyu mutoto munamutuma wapi akimaliza?"

"Bado tunaangalia. Dada yangu iko Bukavu, lakini ni mbali, na ni mutoto wa kike, peke yake..."

"Musiangalie sana. Mukimuacha hapa, kesho atatushonea hata kuku." Alingoja kicheko kipite. "Mama Riziki, nafasi yako sokoni iko. Ya huyu haiko. Nisimuone tena na samaki. Aende kule wanakoshona watu."

Mama alimshukuru kwa mikono miwili. Nami nimelipima neno lile tangu siku hiyo, nikalirudia kulipima kama mtu aliyepewa chenji gizani. Kama wanawake wale wangetukataa, tungehamia Moba, au Kirungu kwenye baridi ile, na ningekuwa na dada mwuza samaki wa kugombana naye kila asubuhi. Walitukubali, kwa hiyo nina dada daktari kweli, huko Bukavu, anayewashona mama za watu wengine. Mama akiumwa kichwa anapimwa kwa simu. Anaambiwa inua mkono, anainua mkono, hema, anahema, kisha mtandao unakatika. Kila mara nafikia jibu kwamba tulipata bei nzuri. Kila mara naanza hesabu upya.

Yaya alifaulu egzetat. Siku matokeo yalipotoka, wenzake walimmwagia poda kama inavyofanywa, akaja nyumbani anakimbia barabarani, mweupe kichwani, mweupe shatini, mweupe sketini hadi kwenye viatu. Mimi peke yangu ndiye sikupiga vigelegele. Nilikuwa nimeelewa kwamba imekwisha, udaktari umefika chini.

Aliondoka kwa boti ya kwenda kaskazini, akipanda njia ileile tuliyoshukia. Mama alimfungia ndagala wakavu wa kumtosha yeye na shangazi na mtaa mzima wa shangazi. Mama Prezida alikuja akiwa na kitenge kipya, akampa bila hotuba. Papa alikuwa anamalizia kufunga mzigo kwa kamba, na nilimvuta shati.

"Papa, anarudi lini?"

"Akimaliza kazi," alisema, meno yameshika kamba.

Nilitulia kabisa. Kazi nilijua inavyokwisha. Ndagala huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mwezi ukikua na kujaa, taa haziwezi kuwadanganya samaki, wavuvi wote hurudi makwao. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Wanaume hulala hadi jua kali, nyavu huanikwa mchangani, watoto hukaripiwa na baba zao ambao kwa kawaida hawapo. Kila aliyekwenda kazini hurudi mbalamwezi. Nilimpungia Yaya mkono kwa furaha. Yeye alikuwa analia, nikaona ni mambo yake ya kupenda kuzidisha.

Mbalamwezi ikafika. Nyavu zikatandazwa ufukweni kote, za buluu na za kijani, watu wakipita kwa kuruka. Wenzake Papa wakarudi wote. Niliwahesabu, nikawahesabu tena. Mchana nikaenda kukaa mchangani, mahali ambapo boti za kaskazini huonekana kwanza zikiwa ndogo kama mbegu. Iliingia moja, wakashuka watu na mbuzi. Nikangoja nyingine. Mama alituma mtu aniite nikale, nikakataa. Mwishowe akaja Papa, uso umevimba kwa usingizi.

"Chakula inapoa. Unangoja nani?"

"Yaya. Ni mbalamwezi. Wote wamerudi."

Alinitazama, akatazama zile nyavu, akaelewa. Alikuwa na nafasi ya kunieleza kuhusu miaka, kuhusu mitihani, kuhusu Bukavu ambako hakuna ziwa letu. Alikaa chini kwenye mchanga badala yake.

"Kule juu," akasema, "giza bado."

Ilinitosha. Ziwa ni refu, kila mtu anajua. Inawezekana mwezi huchelewa kufika kule. Nikasimama, nikapangusa mchanga, nikampa mkono nimvute twende kula.

"Tangulia," alisema. "Nakuja."

Nikatangulia. Mama alipakua, akangoja, mwishowe akakifunika chakula cha Papa kwa sahani nyingine. Nilipochungulia mlangoni, alikuwa bado amekaa palepale, ameelekea kaskazini, mkono umeziba jua machoni.